Gujarat si bandari peke yake

Makala niliyosoma ya kuisifia Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, imejaa bandari za Mundra na Kandla na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Jamnagar, kana kwamba Gujarat ni pwani tupu. Vijijini, kilichogeuza mambo ni mpango wa umeme wa Jyotigram, ulioanza 2003 na kuenea karibu jimbo zima kufikia 2006.

Kabla ya hapo, laini moja ya kilovolti 11 ililisha nyumba na pampu za visima kwa pamoja. Fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu za umeme) ikikatwa ili pampu zizime na nyumba zibaki na taa, wakulima walifunga kapasita (kifaa kinachoziba pengo la fezi iliyokatwa) wakaendesha mota ya fezi tatu kwa fezi mbili. Volti zilishuka, mota na transfoma zikaungua, kijiji kizima gizani. Kufunga mita kwenye kila pampu kulishindikana (wakulima waliikataa katakata), kwa hiyo laini zikatenganishwa. Nyumba, shule na karakana zikapata fezi tatu saa 24. Pampu zikapewa saa 8 kwa ratiba inayojulikana, volti kamili.

Walioumia ni wasio na visima, wanaonunua maji kwa jirani. Saa za pampu zilipopungua, mwenye pampu alimwagilia kwake kwanza, na bei ikapanda. Hawa huwasikii kwenye sifa za jimbo hilo.

Tena wakulima wengi wenye pampu bado hulipia umeme kwa ukubwa wa mota, si kwa uniti, hivyo hakuna sababu ya kuzima pampu mapema. Maji ya ardhini yanashuka, na wakulima wa Mehsana na Banaskantha, wilaya za kaskazini mwa jimbo, wanachimba visima virefu zaidi na zaidi.