Fundi Mmoja Tu Ndiye Aliyerudi Saiti

Saa kumi na moja alfajiri, usingizi ndio kwanza umeninogea, kwarara anatua kwenye mabati. Kama humjui kwa jina unamjua kwa kelele: yule wa rangi ya tope, mdomo umepinda kama sindano ya gunia. "Haa! Haa-da-daa!" Utadhani ameporwa simu stejini. Na halii peke yake. Wa paa la pili anamjibu, wa tatu anauliza kumetokea nini, na hapo mimi nimeshakaa kitandani nikitafuta ndala.

Wote wamefuata shimo. Mwaka jana mwenye nyumba alichimba msingi wa vyumba vya kupangisha nyuma ya ploti yetu hapa Kasarani. Pesa zikakata, fundi akabeba sululu yake akaenda, mvua ya masika ikanyesha, basi tukawa na bwawa. Vyura walihamia usiku uleule bila kulipa kodi wala kuulizwa kitambulisho. Wanaopiga kelele ni madume, wanaita wake. Haya, mimi wangu nilishaoa; harusi zao nazikeshea za nini?

Wakaja kereng'ende. Akaja mdiria, kadogo, ka buluu, anakaa juu ya nondo zenye kutu akivizia viluwiluwi (huyo nakubali, ni mzuri). Halafu akaja fundichuma, kichwa kama nyundo, anatembea taratibu majini akikagua msingi. Ndiye fundi pekee aliyerudi saiti.

Nikamtumia shemeji video. Yuko Birmingham. Akafurahi mno! Eti kwao sasa miti inachipua, watu wanachimba bwawa bustanini kwa hiari yao ili vyura waje, na Jumapili ya kwanza ya Mei ni siku maalumu ya kuamka alfajiri kusikiliza ndege. Wanategesha saa! Nikamwambia mimi saa yangu ina mabawa na haina pa kuizimia.

Kinachoniuma ni maji. Mfereji wetu hutoka Jumanne na Ijumaa, tena ukipenda. Siku nyingine nanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, naoga nusu beseni, nusu nyingine mama watoto anadekia. Chura amelala chali kwenye maji mengi kuliko ya ploti nzima. Ukienda kuyachota, unakuta yamejaa mbu watarajiwa. Mbu anatoka yai hadi kuuma kwa wiki mbili hivi. Mwenye nyumba mwaka mzima hajatoka msingi kufika lenta.

Jumamosi alikuja na mgeni, nikamsikia dirishani: "Wapangaji wangu huamshwa na ndege, na ziwa wanalo." Jumatatu karatasi mlangoni, kodi imepanda 1,500.

Nimemjibu nyongeza hiyo akawadai vyura. Wao ndio wanaooga kila siku.