Nimetibiwa Taifodi Mara Nne, na Taifodi Sikuwa Nayo

Nina karatasi za maabara kwenye droo, zote zimeandikwa Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, na namba zake pembeni, na kila moja ilinimezesha dawa wiki nzima. Ndani ya miezi minane nimetibiwa taifodi mara nne, yutiai mara mbili, vidonda vya tumbo sihesabu manake hivyo nilikuwa naambiwa hata na muuza duka la dawa kwa kuniangalia tu usoni, halafu mzee mmoja jirani akamalizia kwamba nina presha ya kushuka nilambe chumvi. Wote hao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nalala.

Na nilikuwa silali. Usingizi nilikuwa naupata vizuri tu saa nne, ila saa tisa usiku macho kodo, moyo unapiga, nahesabu marejesho. Waliokuwa na vibanda soko la Karume lilipoungua Januari 2022 watanielewa, mzigo umeisha kwa usiku mmoja lakini mkopo wenyewe haukuungua, wa kikundi upo na ule wa kausha damu upo, na simu inaita. Mimi nikajiambia nakaza, wengine wamepoteza zaidi yangu. Nikakaza kweli mpaka siku moja kwenye daladala ya Gongo la Mboto, foleni ya Buguruni, kifua kikabana, vidole vikafa ganzi, jasho, nikawa na uhakika kabisa kwamba nakufa na nitafia mbele ya konda. Nikashuka. Nikakaa kwenye benchi la muuza chipsi kama robo saa hivi, ikaisha yenyewe.

Hospitali wakanibandika vile vibati vya kupima moyo, karatasi ikatoka safi. "Mama huna kitu." Aisee, hakuna jibu lililonichosha kama hilo. Yaani unaambiwa huna kitu na unatoka hapo miguu inatetemeka, unaanza kujiuliza basi ni nani kanifanyia hivi, na ukianza kujiuliza hivo mji wetu huu hautakosa mtu wa kukujibu kwa hela.

Kuna kitu tunakosea na tunakosea wengi. Kwetu ugonjwa wa akili una picha moja tu, mtu anaokota makopo barabarani, na mahali pamoja tu, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe Dodoma, ambapo tumepageuza kuwa tusi la kutaniana. Kama hujavua nguo hadharani basi wewe mzima. Sasa yale yanayotusumbua wengi hayana picha hiyo hata kidogo, yanakuja yamevaa nguo za mwili: kichwa kisichosikia panado, tumbo linawaka, mgongo, moyo kwenda mbio, mwili hauna nguvu na vipimo vyote safi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu 1 katika kila 8 duniani alikuwa anaishi na tatizo la afya ya akili, na hofu na sonona ndo zinaongoza. Ijaze kosta ya watu 30 uone, ni kama 3 au 4 humo ndani, na hakuna anayeokota makopo, mmoja wao pengine ndo dereva.

Hata neno lenyewe sonona, nani analisema mtaani? Watu wanasema nina mawazo. Roho nzito. Sijisikii. Wanaume hata hilo hawasemi, wao utaona tu hasira zimezidi, bia zimeongezeka, anachelewa kurudi na akirudi hataki kuongea, na sisi tunasema kabadilika ana mwanamke.

Aliyenitoa kwenye taifodi ni kijana mmoja tabibu wa zahanati ndogo, nimeenda na karatasi zangu naomba sindano, akaziweka pembeni akaniuliza, "Dada unalala?" Nikalia pale pale. Kwanza akanipima damu na akataka niangaliwe tezi ya shingoni, thairoidi, manake hiyo ikifanya kazi kupita kiasi nayo inakupeleka moyo mbio na kukunyima usingizi, kwa hiyo sisemi kupima mwili ni ujinga, nasema kurudia kipimo kile kile mara nne ndo ujinga. Majibu yalipotoka safi akaniandikia niende kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nilipita mbele ya ule mlango mara tatu. Nimejifunika mtandio mpaka puani, najifanya natafuta choo. Mara ya tatu nikaingia na nani yupo kwenye benchi? Mama mmoja wa mtaani kwetu, mkali, ndo anasuluhisha ndoa za watu. Tukaangaliana, akasogea nikakaa. Mpaka leo hatujawahi kulizungumzia na salamu zake kwangu zimekuwa za upole ajabu.

Mwanasaikolojia mwenyewe hakuwa na maajabu, mama wa makamo ana daftari. Akanieleza kwamba kile cha Buguruni ni shambulio la hofu, mwili unapiga king'ora wakati moto haupo, unapumua haraka haraka mpaka hewa chafu inatoka kupita kiasi na hiyo ndo inaleta ganzi ya vidole, na kwa kawaida linafika kileleni ndani ya dakika 10 hivi kisha linashuka. Nikajifunza kutoa pumzi ndefu kuliko ninayovuta, tukapanga deni moja moja kwenye karatasi (hilo sikutegemea kabisa), na nikaambiwa nirudi kupanda daladala ile ile, kituo kimoja, kesho viwili. Dawa mimi sikupewa ila wapo wanaozihitaji, na hao niwaambie tu kwamba dawa za sonona mara nyingi zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiziache siku ya tano ukasema hazifanyi, na ukitaka kuziacha kaongee kwanza na aliyekupa.

Wakati wa kwenda ni upi? Kipimo ninachokitumia mimi ni wiki 2. Huzuni ya msiba, stresi ya kodi, kugombana na mwenza, hiyo ni maisha, utalia na itapungua. Lakini kama karibu kila siku kwa wiki 2 huna raha na chochote, au usingizi umeharibika, kula kumeharibika, kazi zinakushinda, unakunywa ili ulale, nenda, usisubiri mpaka upate aibu ya kutosha. Na kuna ambayo hayasubiri hata kesho: mtu anasema bora nife, au anaanza kugawa vitu vyake na kuaga aga, au anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mama katoka kujifungua halali kabisa na anaongea vitu havieleweki. Huyo usimwache peke yake, mpeleke leo leo. Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpi wazo.

Hapo nina kero. Kanuni yetu ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Sasa mtu kaokolewa, kalazwa, unataka aseme ukweli kwa daktari wakati anaogopa polisi? Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo hiyo na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na katiba. Sisi tunasubiri nini sijui.

Kuhusu maombi na kisomo, mimi naswali na sijaacha, vinakaa pamoja bila shida ila visichukue nafasi ya kliniki. Ninaowakataa ni hawa wa motivesheni wa mtandaoni, anakuchaji hela ndefu akuambie amka saa kumi alfajiri. Mwenzio hata hajalala!

Wataalamu wachache, hilo kweli. Zimbabwe walilitambua mapema, tangu 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa kawaida wa Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wao ugonjwa wanauita kwa Kishona kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Si ndo mawazo yetu haya haya?

Wiki iliyopita rafiki yangu kanitumia picha WhatsApp, karatasi ya Widal, anauliza dawa gani inafaa manake hii ni mara ya tatu. Nikamwandikia, "Unalala?" Akasoma akanyamaza. Jibu nimelikuta asubuhi, kalituma saa tisa na dakika kumi usiku: "Nipo macho." Jumatatu tunaenda wote, nimemwambia abebe mtandio kama anataka.