Wavu Tulioutafuta Wiki Nzima

Kwenye boti ya doria ya uvuvi haramu, Ziwa Victoria, nina kazi tatu: kuandika, kushika rula, na kupiga kelele kwenye kipaza sauti. Sangara asipofika sentimita 50, namwandika. Sato asipofika 25, namwandika. Mtumbwi usipofika futi 28, nao nauandika. Alfajiri ile, kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese, nusura nijiandike mwenyewe.

Tuliona mtumbwi mfupi, watu wawili, makasia mawili. Afande akasugua viganja: "Hawa wetu." Nahodha akafungulia injini, pua ya boti ikaangalia mbinguni. Nikasimama, nikaachama niseme "Simama!", na hapohapo tukaingia kwenye wingu la wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu kama moshi wa tanuri. Wako watu huwakaanga wakawala. Mimi niliwala wabichi, kikombe kizima. Kipaza sauti kilitangaza "Sim... khoo! khoo!" ziwa zima.

Nahodha naye alikuwa amefumba macho. Injini ikakohoa kunishinda mimi, ikazima. Propela ilikuwa imejivika wavu wa timba, ule wa uzi wa plastiki uliopigwa marufuku. Wiki nzima tulikuwa tunautafuta.

Kisu tulikuwa nacho kimoja. Kilibaki kambini kikimenya matoke. Simu hazishiki. Upepo ukaanza kutusukuma taratibu kwenye magugu maji.

Wale wawili wakaacha kupiga makasia. Wakanong'onezana. Wakageuza.

"Poleni, Afande. Mmekwama?"

Yule mzee aliutazama wavu kama mtu aliyemkuta mwanawe nyumba ya jirani.

"Huu wa nani?" Afande akamuuliza.

"Hata mimi nashangaa," akajibu, huku anafungua fundo moja baada ya jingine bila hata kuangalia mikono yake.

Wavu ukatoka, lakini pini ya propela ilikuwa imekatika. Ikabidi tufungwe kamba, tuvutwe. Mazoea ni mabaya: nikaanza kuukadiria mtumbwi wao kwa macho, futi ishirini hivi.

"Weka rula chini," Afande akasema.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akina mama wa samaki wa kukausha walitupokea kwa vigelegele. Sijui walikuwa wanampigia nani, ila mzee aliwapungia mkono.

Jioni Afande akanisomea ripoti niandike: "Boti haramu moja imefikishwa mwaloni."

"Niandike nani alimvuta nani, Afande?"

Alinitazama. Nikafunga daftari.