Redio na gama za pulsa: chanzo kimoja au viwili?

Usiku hapa Bukavu, taa mbili za wavuvi wa sambaza huonekana zimeshikana, kumbe moja iko karibu na ufuko na nyingine iko mbali ziwani. Wachunguzi wa pulsa wana shida hiyo hiyo: mawimbi ya redio na miale ya gama ya pulsa hutoka mahali pamoja, au pawili tofauti?

Pulsa ni nyota ya nyutroni: uzito unaozidi wa Jua, umeshindiliwa ndani ya mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 12 hivi, unaozunguka na kutupigia mwanga wake kwa mapigo, kama mnara wa taa. Chombo cha Fermi, darubini ya gama ya angani, kilichorushwa 2008, kilionyesha kwamba nyingi zinazozunguka mamia ya mara kwa sekunde hutoa gama pia. Zamani wengi walidhani gama huzaliwa juu kidogo ya ncha ya sumaku. Lakini pale sumaku ni kali mno, ingemeza gama zenye nguvu kubwa, na wigo, yaani mgawanyo wa gama kwa nguvu zake, ungekatika ghafula. Wigo wa pulsa ya Vela unashuka taratibu. Upande wa gama, basi, kesi imekwisha: zinatoka mbali na uso.

Ubishi umebaki kwenye redio. Walio wengi huiweka chini, kwenye mwale mwembamba wa ncha, na hivyo wanaeleza vizuri kwa nini mara nyingi pigo la redio hutangulia la gama. Ila pulsa iitwayo B1937+21, inayozunguka mara 642 kwa sekunde, mapigo yake ya redio na gama hufika pamoja. Hapo naona wanaoipandisha redio juu wana haki. Piga hesabu: kwa pulsa ya milisekunde 2, umbali ambao kitu kinachozunguka na nyota kingefikia kasi ya mwanga ni kilomita 95 tu, karibu urefu wa Ziwa Kivu. Kwa pulsa ya sekunde moja ni kilomita 48,000. Katika uwanja mdogo hivyo, redio na gama kukutana si ajabu.

Wapinzani husema modeli hizi za kuipandisha redio huchora mwanga panapotakiwa bila kueleza kwa nini chembe zing'ae hapo. Ni kweli, na mimi pia linanisumbua. Lakini mwaka 2019 vipimo vya NICER, darubini ya eksirei, kwa pulsa J0030+0451 viliashiria kwamba madoa yake ya joto, kwenye ncha za sumaku, hayako pande zinazokabiliana za nyota, yaani sumaku karibu na uso imepinda. Mpindo huo hufifia haraka kadiri unavyopanda, kwa hiyo anayebanwa zaidi ni yule anayeiweka redio chini, mahali penye mpindo.