Nzi weupe wamekufa, sawa, ila wamekufa na nini?

Kila nikisikia imepatikana protini mpya inayoua nzi weupe, wale wadudu wadogo wa kwenye mimea, mi swali langu ni moja tu, wamekufa kwa sumu au kwa njaa? Siyo ubishi, ndo swali lenyewe.

Maana hawa hawatafuni jani kama kiwavi. Nzi weupe na vidukari wanachomeka mrija mpaka kwenye mishipa ya mmea wanafyonza, na protini za Bt, zile za bakteria zinazomaliza viwavi, kwa hawa mara nyingi hazifui dafu. China walianza kulima pamba ya Bt, yaani iliyoingizwa protini hizo, 1997, viwavi wakapungua, dawa ikapungua, halafu kunguni wa mimea, nao wafyonzaji, ndo wakajaa hadi kwenye matunda ya jirani.

Sasa maabara wanaipimaje protini kwa wadudu wanaofyonza? Wanavuta Parafilm, utando laini wa nta na plastiki, mpaka inakuwa nyembamba kabisa, wanaweka maji ya sukari yenye protini katikati ya tabaka mbili, wanafunikia kichupa chenye nzi, nzi wanatoboa wanakunywa. Mtego uko hapo. Protini ikiwakera tu wasinywe, watakufa hivyohivyo na wewe utaandika sumu imefanya kazi. Kwahiyo lazima kuwe na kundi la sukari tupu, kundi la protini isiyo na madhara, na kundi lisilopewa chochote, halafu uangalie na kinyesi chao, yale matone matamu yanayonata kwenye majani ya muhogo, maana asiyekula hanyi.

India 2016 walitangaza Tma12, protini ya kangaga, wakaiingiza kwenye pamba na majani yake wakalisha panya kuona kama yana madhara. Hiyo naiheshimu, hawakuishia kwenye kichupa. Lakini nzi wao siyo hawa wetu wa kwenye mihogo wanaosambaza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, kwa macho wanafanana ila ni koo tofauti kabisa, kwahiyo huwezi kuchukua kipimo cha kule ukakileta hivihivi kwa mkulima wa Mkuranga, huku Pwani.

Ningependa sana jaribio hili lifanyike hapahapa, na nzi waliokusanywa kwenye mihogo yetu wakafugwa kwenye mihogo hiyohiyo. Sukari na Parafilm siyo vitu vya kutushinda. Na matokeo yatolewe yote, hata ya zile protini ambazo nzi walikunywa wakashiba wakaendelea kutaga.