Nani aliwaondoa Nordiques Quebec?

Tarehe 25 Mei 1995, Marcel Aubut, mwanasheria aliyeongoza kundi la wamiliki wa Nordiques, aliwatangazia wakazi wa Jiji la Quebec nchini Kanada kwamba timu yao ya hoki ya barafu imeuzwa. Mnunuzi alikuwa COMSAT, kampuni ya Marekani iliyokuwa tayari inamiliki timu ya mpira wa kikapu ya Denver Nuggets. Bei ilikuwa dola milioni 75 za Marekani. Wiki chache tu kabla ya hapo, Nordiques walikuwa wamemaliza msimu wakiwa vinara wa Kanda ya Mashariki ya ligi kuu, NHL. Juni 1996, wakiwa wamehamia Denver na kuvaa jezi za jina jipya, Colorado Avalanche, vijana walewale waliwafunga Florida Panthers michezo minne kwa bila na kubeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL.

Miaka thelathini baadaye ubishi bado ni mkali. Upande mmoja unasema jiji dogo halikuwa na ubavu wa kuilisha timu ya NHL, na namba ndizo zilizoamua. Upande wa pili unasema timu ilitelekezwa: serikali ya jimbo, nalo likiitwa Quebec, ilikaa pembeni wakati kipande cha utambulisho wa watu kikipigwa mnada. Mimi naona serikali ilifanya sawa kukataa kufungua mkoba, na bado naona mashabiki walidhulumiwa. Mwenye deni kubwa zaidi ni ligi yenyewe, na ndiyo inayotajwa kidogo kuliko wote.

Kwa msomaji aliyezoea soka la kupanda na kushuka daraja, utaratibu wa Marekani Kaskazini ni mgumu kuuzoea. Hakuna kushuka daraja. Timu ni leseni anayoishikilia mmiliki, na kwa idhini ya ligi anaweza kuihamishia mji mwingine pamoja na wachezaji, makocha na mikataba yao. Wanachama wenye kura, kama wa klabu zetu, hawapo. Shabiki ana tiketi tu.

Na Nordiques walikuwa na mashabiki wa kweli. Timu ilianza mwaka 1972 katika ligi pinzani ya WHA, ikatwaa ubingwa wake mwaka 1977, kisha mwaka 1979 ikaingizwa NHL pamoja na Edmonton Oilers, Winnipeg Jets na Hartford Whalers. Montreal Canadiens, waliomilikiwa na kampuni ya bia ya Molson, walipinga katika kura ya kwanza ya ligi. Nordiques walikuwa mali ya kampuni nyingine ya bia, Carling O'Keefe, kwa hiyo mashabiki walijibu kwa kususia bia ya Molson, na kura ya pili ikapita. Kila timu ililipa dola milioni 6 na kunyang'anywa wachezaji wake wengi. Mwaka 1980 ndugu Peter na Anton Šťastný walitoroka Chekoslovakia ya kikomunisti ili waje kucheza Quebec, na mwaka uliofuata kaka yao Marian akawafuata.

Jezi ilibeba maua yaleyale yaliyo kwenye bendera ya jimbo. Katika jiji ambalo karibu kila mtu anaongea Kifaransa, na lililokuwa na kinyongo cha siku nyingi na Montreal tajiri, timu ile ilikuwa sauti yao. Watani hawa wa jadi walipokutana, jimbo zima lilisimama. Mwaka 1982 Dale Hunter alifunga katika sekunde ya 22 ya muda wa nyongeza na kuwatoa Canadiens mashindanoni. Ijumaa Kuu ya mwaka 1984 mechi yao Montreal iligeuka vita ya ngumi. Mwaka 1985 Peter Šťastný aliwamaliza Canadiens katika mchezo wa saba, nyumbani kwao. Anayesema ni mchezo tu na haukufaa kuumiza watu hivyo hajaelewa kilichopotea.

Sasa namba, maana wanaozitaja hawakuzibuni. Jiji na vitongoji vyake lilikuwa na watu wasiofika 700,000, likiwa miongoni mwa masoko madogo kabisa ya ligi. Ukumbi wake, Colisée, ulikuwa umejengwa mwaka 1949 na haukuwa na vyumba vya kutosha vya kifahari vya kukodisha kwa makampuni, ambavyo kufikia miaka ya 1990 ndivyo vilivyokuwa vikileta fedha. Kilichouma kuliko vyote ni sarafu. Mapato yaliingia kwa dola ya Kanada na mishahara ikatoka kwa dola ya Marekani, huku dola moja ya Kanada ikiwa na thamani ya kama senti 73 za Marekani. Na kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote, hakikuwapo.

Aubut aliiomba serikali ya jimbo msaada pamoja na ukumbi mpya. Waziri mkuu wa jimbo, Jacques Parizeau, alikuwa anajiandaa kwa kura ya maoni ya kujitenga na Kanada, iliyofanyika Oktoba 30 mwaka huohuo na kushindwa kwa tofauti iliyo chini ya asilimia 2. Wenye hasira husema kiongozi aliyejiita mtetezi wa taifa la Quebec aliiachia timu iliyovaa bendera ya taifa hilo. Naielewa hasira hiyo, ila hoja yenyewe siikubali. Aubut na wenzake walikuwa wameinunua timu mwaka 1988 kwa sehemu ndogo tu ya bei waliyoiuzia. Fedha za hospitali na shule zingefidia hasara, na siku ya kuuza faida ingekwenda kwa wamiliki. Serikali inayokubali biashara ya namna hiyo inawadhulumu walipa kodi wake, hata kama wenyewe wako uwanjani wanashangilia.

Tena mwaka 1995 haukuwa mwisho wa mteremko. Dola ya Kanada iliendelea kuporomoka hadi karibu senti 62 mwanzoni mwa mwaka 2002. Winnipeg walipoteza timu yao mwaka 1996, Hartford mwaka 1997. Ottawa Senators walifilisika mwaka 2003. Januari 2000 serikali kuu ya Kanada ilitangaza mpango wa kuzisaidia timu za NHL, wananchi wakachachamaa, na ndani ya siku tatu mpango ukafutwa. Msaada wa mwaka mmoja au miwili usingetosha. Quebec ingekuwa imejifunga kulipa kwa muongo mzima.

Hata hivyo hoja ya udogo wa soko ina tundu, na jina lake ni Edmonton. Hawa nao ni wa soko dogo, waliingia ligi siku moja na Nordiques, na dola yao ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1998 timu yao ilipokuwa mbioni kuuzwa kwenda Houston, zaidi ya wafanyabiashara thelathini wa hapohapo walichanga na kuinunua. Timu ipo Edmonton hadi leo. Denver nayo, iliyoonekana soko bora kuliko Quebec, ilikuwa imeshindwa kuitunza timu ya NHL iliyohamia New Jersey mwaka 1982. Soko hubadilika kutegemea nani anamiliki na kanuni zipi zinatumika.

Hapo ndipo ligi inapoingia. Baada ya kufuta msimu mzima wa 2004–05 kwa mgogoro na wachezaji, NHL iliweka kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa msimu uliofuata. Kikomo hicho ndicho masoko madogo yalichokililia miaka kumi nyuma. Kisha mwaka 2009, timu ya Phoenix, yaani Winnipeg Jets wa zamani, ilipofilisika jangwani Arizona, ligi yenyewe iliinunua na kuibeba hadi 2013. Ikailinda miaka mingine zaidi, hata ikicheza katika ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika 5,000, mpaka ilipohamishiwa Utah mwaka 2024. Subira iliyopewa Arizona ingegawanywa hata robo tu, Quebec wangepumua. Siwezi kuita hiyo bahati mbaya. Ligi iliutaka ukanda wa kusini mwa Marekani na soko lake la televisheni, na ikailipia haja hiyo. Quebec haikuwa katika mpango.

Wanaoitetea ligi hujibu kwamba timu isingetwaa kombe bila kuhama, kwa sababu kipa Patrick Roy alitoka Canadiens kwenda Colorado Desemba 1995, na Montreal wasingemuuza kwa mtani wao. Huenda ni kweli. Lakini Roy ni mtoto wa Jiji la Quebec, na kulitazama kombe hilo likienda Denver hakukuwa faraja kwa waliobaki.

Mwaka 2015 jiji na jimbo lilifungua ukumbi mpya, Centre Vidéotron, kwa takriban dola milioni 370 za Kanada, karibu zote za umma. Ombi la timu mpya liliwekwa kando mwaka 2016, Las Vegas wakapata kwa dola milioni 500 za Marekani, kisha Seattle kwa milioni 650. Novemba 2023, walimu wakiwa kwenye migomo, serikali ya jimbo ilitangaza kati ya dola milioni 5 na 7 ili Los Angeles Kings waje kucheza mechi mbili za maandalizi huko. Mechi hizo zilichezwa Oktoba 2024. Hapo sioni pande mbili zenye uzito sawa. Parizeau alikuwa na timu hai mezani na akakataa kulipa, na alikuwa na sababu. Warithi wake walilipia wageni wa siku chache kutoka ligi ambayo imewakatalia mlango, na hawakupata hata ahadi ya maandishi kwamba jina la Quebec litafikiriwa zamu ijayo.