Mimi Ndio Nilikuwa Kigingi

Mimi nilioa dada yake tu jameni, sikuoa na safari zake. Hilo naomba lieleweke kabla sijaendelea.

Shemeji alikuja na picha kwa simu, ati twende tupige kambi mlima Kulal, kule mashariki ya Ziwa Turkana, "utapumzisha akili shem". Akili yangu haikuwa imechoka! Siku mbili kwa gari kutoka Nairobi, Maralal, Baragoi, South Horr, na ukishatoka South Horr ni mawe meusi ya volkano mbele na nyuma, gari linaruka mpaka jino nililokuwa nimezibwa likaanza kucheza.

Halafu tukaona mitambo ya upepo. Sio miwili mitatu, ni 365, mistari kwa mistari, inazunguka kama imetumwa, megawati 310 zinasafirishwa mpaka gridi ya taifa. Nikamwambia shem, mtu akisimamisha feni 365 mahali pamoja kwani hakwambii kitu? Akasema hapo patatoka poa kwa picha.

Sasa Kulal ina zaidi ya mita 2,200, huko juu kuna msitu na ukungu, kunakaa vizuri kabisa. Unadhani tulilala huko? Shemeji alitaka huku chini kwa mawe, ndio tuamke tukiona ziwa. Ardhi yenyewe haikubali kigingi, ukigonga kinapinda, ukigonga kingine kinapinda na nyundo inakuumiza wewe, mwishowe tukafunga kamba kwa mawe. Mzee mmoja wa Kisamburu alikuwa ameketi na mbuzi wake anatutazama vile watu hutazama mpira. Nikamuuliza, "Mzee, huu upepo unaisha saa ngapi?" Akacheka sana.

"Huu ni mtoto. Mama yake anateremka usiku."

Na akateremka kweli. Jiko la gesi lilizimika mara sijui ngapi, ugali tuliokula ulikuwa nusu unga nusu mchanga, ukitafuna ni krrr krrr. Kona tatu za hema angalau zilishikwa na mawe, kwa hiyo ile ya nne nikaambiwa niilalie. Fikiria mtu na familia yake, na kitambulisho, amelazwa kama kigingi! Kitambaa kinanipiga makofi usoni pa pa pa, na shemeji ameshikilia mti wa hema huku ananipigia kelele za jiografia, ati upepo unabanwa katikati ya Kulal na mlima Nyiro ndio maana unatoka na hasira. Nani alikuuliza bana?

Ilipofika saa tisa usiku nikabanwa na haja ndogo. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Lakini kigingi nacho kina kibofu, wueh, nikatoka mara moja tu, sekunde chache hivi, nikasikia nyuma yangu kitu kama ndege mkubwa anapaa.

Asubuhi nilikuwa nakung'uta viatu (nge mmoja akaanguka, mtulivu, hata hakukimbia) mzee akatokea. Yeye alilala nyuma ya kaukuta ka mawe kanafika magotini, na shuka moja, na uso umepumzika kuliko wangu. Akaangalia mahali hema lilikuwa. Akaangalia upande wa ziwa.

"Vijana, nyumba yenu imehama?"

Na shemeji, bila aibu, akamuuliza kama ameiona ikipita.